Ufizi wa Hooyo Kaltuma

Daktari Bashir alizikwa Jumatatu, na mimi nikafika Garissa Jumatano, miguu imevimba kwa kukaa basini tangu Mombasa. Nilipelekwa chumba cha wanawake, mikeka ukuta kwa ukuta, chupa za chai zimepangwa katikati, na kabla sijavua viatu vizuri nikasikia sauti kutoka pembeni: "Dhiigley! Wewe bado iko hai?" Wanawake wote wakageuka. Jina hilo sikuwa nimeitwa kwa miaka ishirini na minane. Ni Kisomali, maana yake yule mwenye damu, na watu wa huku wakishakubandika jina la utani, utazikwa nalo. Aliyeniita alikuwa Hodhan. Amenenepa, amevaa miwani, lakini kicheko ni kile kile cha kuanzia tumboni. Tulikumbatiana tukalia mpaka mtu akatuletea maji, na wenyewe wakadhani tunamlilia Daktari. Daktari nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini machozi yale hayakuwa yake. Nilikuwa nikimlilia mama yake Hodhan, Hooyo Kaltuma, hooyo ndiyo mama kwa Kisomali, aliyefariki mwaka ule tuliofanya kazi pamoja. Na nililia kwa hofu pia. Kuna jambo kuhusu kifo cha mama yule ninalolijua mimi peke yangu, na Hodhan sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nimejiapia kwamba nikimwona tena uso kwa uso, nitasema. Basi ndiyo nikamwona.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheti cha maabara kilichokuwa bado kinanuka wino. Kilichonipeleka Garissa ni fizi. Watu wa kwetu walicheka: msichana mzima unakwenda jua kali lile kuchungulia fizi za watu? Ndiyo, fizi. Kuna ugonjwa unaoletwa na bakteria wanaojificha chini kabisa, pale jino linapozama kwenye nyama. Ufizi huvimba, hutoa damu, halafu usaha, mfupa unalika polepole, na jino zima lisilo na tundu hata moja linaanza kutingika mpaka lidondoke lenyewe. Taasisi moja ya Nairobi ilikuwa ikishirikiana na wataalamu wa nje kutafuta chanjo yake. Walitaka wajue kama chanjo wanayoitengeneza ingewatambua bakteria wa huku kwetu, kwa hiyo walihitaji bakteria wenyewe, wazima, waliokuzwa na kufikishwa kwao. Daktari Bashir, mwenyeji wa Garissa, mganga wa meno aliyekuwa radhi kumkagua mtu akiwa amekaa juu ya debe, ndiye aliyekabidhiwa kuwatafuta. Mimi nilikuwa wa maabara. Hodhan, binti wa mji mdogo wa Griftu, alikuwa wa kuzungumza na watu, na bila yeye hakuna hata mtoto ambaye angetufunulia mdomo.

Maabara! Naliita hivyo kwa heshima tu. Vilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la nguo, vimepakwa rangi ya kijani ya hospitali, na joto lake, jamani, saa nane mchana hata ukuta ulikuwa unatoka jasho. Bakteria wale hawataki hewa. Ukiwaacha wazi wanakufa, kwa hiyo nilikuwa nao mtungi mzito wenye kifuniko cha kukaza, ndani naweka pakiti ya kula hewa yote, na humo sahani ndogo zenye jeli iliyochanganywa na damu ya kondoo. Damu nilikuwa naitoa mwenyewe soko la mifugo, kwenye shingo ya kondoo mzima, halafu naitikisa kwenye chupa yenye shanga za kioo ili isigande, huku wauzaji wamenizunguka wakiulizana huyu Mswahili anaitaka damu ya nini, na wakati damu ni haramu. Hapo ndipo nilipopata jina langu. Hodhan alinifundisha kula anjera kwa chai asubuhi, nikiirarua kwa mkono wa kulia na kuichovya, na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi ambayo wiki ya kwanza yaliniendesha vibaya. Chumba cha pili, tulimolala mimi na Hodhan, kilipakana na kibanda cha kina mama wauza kitambaa, na maongezi yao yalipenya kwenye mabati kama vile tuko nao. Hodhan alikuwa ananitafsiria huku amejiziba mdomo kwa mtandio. "Wanasema sisi tunapeleka mate ya Wasomali Nairobi. Wanasema huko wazungu wanakunywa." Tulicheka mpaka nikamwaga chai. Sikumbuki kucheka hivyo tena mwaka ule.

Kwa sababu hakikuota kitu. Wiki ya kwanza hakuna, wiki ya pili hakuna. Vipimo tulivichukua, tena vya watu waliolalamika meno yanatingika: unaingiza kijiti chembamba cha karatasi katikati ya jino na ufizi, unahesabu mpaka kumi na tano, unakitia kwenye chupa. Nikifungua mtungi baada ya siku saba nakuta vidoa vyeupe vya bakteria wa kawaida tu, wakati ninayemtafuta mimi huota mweusi. Nilidhani ni mtungi unavuja. Nilidhani ni damu ya kondoo. Nilimkasirikia hata Daktari. Mpaka siku moja tumefika boma moja nje ya mji, nikamwona mzee tunayemwendea amesimama nyuma ya nyumba anajisugua meno kwa bidii, anatema, anasugua tena, huku mkewe anamharakisha kwamba wageni wamefika. Mswaki wa mti, ule wanaouita caday. Nani atamfunulia mgeni mdomo mchafu? Kila mtu tuliyempelekea taarifa ya kumtembelea alikuwa ametuandalia kinywa kwa heshima zote, na wale bakteria ninaowatafuta walikuwa wametemwa mchangani nusu saa kabla sijateremka garini. Daktari, mwenyeji wa huku, alijipiga mkono kwenye paji la uso. Yeye mwenyewe alikuwa na caday mfukoni.

Tukaweka sharti: siku tatu kabla ya kipimo, mtu asiguse caday. Wakakataa. Hawakugomba, walikataa kwa upole, chai mkononi. Mzee yule yule alimwambia Hodhan, "Muulize huyo msichana, nisimame mbele ya Mungu mara tano na mdomo wa jana kwa sababu yake yeye?" Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo, najua sunna ya mswaki. Nairobi wakawa wanaandika barua wakiuliza kazi imefikia wapi, na Daktari akawa anatembea ua zima mikono nyuma. Ndipo Hodhan akasema, kimya kimya, tukiwa tunaosha vyombo vya mchana, "Nitamleta hooyo."

Hooyo Kaltuma alikuja kutoka Griftu juu ya lori la mifugo, mwanamke mrefu mwembamba, mgongo umenyooka, hina kwenye kucha. Hodhan alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Alilala nasi chumba kile kile, tukatandika magodoro matatu sambamba, na asubuhi nilikuwa naamka kwa harufu ya ubani aliokuwa anafukiza nguo zake. Meno yake ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza kabisa. Alikula nyama kwa kuikatakata ndogo kama anampikia mtoto, na akiuma upande mbaya alifumba macho, basi, hakulalamika. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: mbuzi, kesho, njoo, kula. Kisomali changu kilikuwa hivyo hivyo. Tuliongea kwa mikono na tukaelewana sana, au ndivyo nilivyojidanganya. Kuhusu caday hakusita. Hodhan alimweleza kwamba kazi hii italeta chanjo, na chanjo itazuia meno yasidondoke, na mama akamtazama bintiye kwa fahari ambayo hata mimi niliona haya kuiangalia. "Itakuja lini, Zuhura?" Hodhan akaniuliza mbele yake. "Mwaka huu? Au mwaka ile ingine?"

Nilijua jibu. Nilijua kwamba hata mambo yakienda vizuri chanjo ingechukua miaka mingi, na kwamba ikija ingekuwa ya kumkinga kijana ambaye hajaugua, si ya kumrudishia mama mfupa uliokwisha kulika. Alichohitaji Hooyo Kaltuma ni mganga wa kumsafisha fizi na kumng'oa yale mabovu. Daktari alimwambia hivyo, naye akakataa kung'olewa, akasema atasubiri. Na mimi niliyejua anasubiri kitu gani nikasema, "Inshallah, haitachelewa." Ningesema nini? Tulimhitaji. Huo ndio ukweli wenyewe na sitaupaka sukari.

Kipimo cha kwanza kiliharibika, jenereta ilizima siku mbili. Cha pili kikaota weupe tu. Cha tatu tulikichukua akiwa amekaa siku nane bila kugusa mswaki, anasukutua kwa maji na kidole, na akiongea alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, yeye ambaye hakuwa na haya ya kitu chochote. Kesho yake habari zikaja kwamba mbuzi wake wana ugonjwa na lazima arudi Griftu. Hodhan alikuwa ameondoka na Daktari kwenda Sangailu. Kwa hiyo ni mimi niliyemsindikiza Hooyo mpaka kwenye lori. Sikuwa na hakika na kile kipimo cha tatu, nikawaza kikiharibika nitamwita tena, na sitaki tuanze moja. Nikamshika mkono. Nikajikongoja kwa Kisomali changu nilichokuwa najivunia, nikisaidia kwa vidole: caday, usiguse, mpaka mimi nikuambie. Nikarudia. Mpaka mimi nikuambie. Akaweka kiganja kifuani. "Haa," akasema. "Waa ballan." Ndiyo, ni ahadi. Utingo akampa mkono, Hooyo akapanda juu kwenye magunia, akakaa akinitazama mpaka lori likakata kona.

Siku kumi na mbili baadaye nilifungua mtungi nikaona weusi. Vidoa vidogo vya mviringo, vinang'aa, na harufu yake kali isiyokosewa. Nilipiga kelele kina mama wa kitambaa wakaja kuchungulia wakidhani nimeumwa na nge. Daktari alipiga magoti, akasujudu pale pale sakafuni. Hodhan alirukaruka akinivuta mikono, "Ni hooyo! Ni ya hooyo!" Tukawapa jina Griftu. Jioni ile tulikula wali na mbuzi mzima, ndizi pembeni, na asubuhi nikapanda basi la Nairobi na chupa yangu ya barafu mapajani, sikuiachilia hata kwenda haja. Nairobi wakanipokea kama bibi harusi. Walinipa koti jeupe jipya, wakanionyesha mashine ambazo nilizijua kwa picha tu, wakasema nisirudi kwanza, nibaki niwafundishe nilivyowakuza. Nikabaki wiki moja, ikawa mwezi, ikawa miezi mitatu na ushei. Nilikuwa na furaha. Nilimtumia Hodhan barua mbili, zimejaa mambo ya Nairobi, jinsi wanavyochuja protini za ngozi ya bakteria wa mama yake, jinsi mkubwa wetu alivyonisifu. Mswaki sikuutaja. Haukunijia akilini hata kidogo. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka labda siku moja niliwaza nikapuuza, maana hata hilo lingekuwa kitu. Lakini hapana. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli.

Nilirudi Garissa nikiwa na zawadi ya khanga kwa ajili yake. Nilimkuta Hodhan hayupo, Daktari akaniambia nenda hospitali, Hooyo ameletwa juzi. Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa na feni haizunguki. Sikumtambua. Taya na shingo vilikuwa vimevimba vimekuwa kitu kimoja, ngozi imekaza inang'aa, mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kidole. Usaha ulikuwa umeshuka kutoka kwenye meno ya chini mpaka shingoni. Walipompima damu wakakuta ana sukari, ya muda mrefu, hakuna aliyejua. Hodhan alikuwa amekwenda kutafuta maji ya moto. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika ule mkono wenye hina iliyofifia, akafungua macho. Akaniona. Na uso ule uliovimba ukajaribu kutabasamu, wallahi, akainua kidole akaonyesha mdomo wake, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Sasa?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Miezi minne. Alikuwa ameahidi, na mimi sikusema. Amesimama kuswali na mdomo wa jana, amelala na uchungu, mti wenyewe unaota kila mahali kule kwao, anaupita kila siku akichunga, hakukata hata kijiti. "Sasa," nikamwambia. "Haa, Hooyo. Sasa." Akapeleka mkono chini ya mto akatoa caday, imeshachongwa ncha, alikuwa amesafiri nayo. Akaipeleka mdomoni. Haikuingia. Akajaribu upande wa pili. Mimi nikaichukua, nikaichovya kwenye maji, nikampangusa midomo kwa nje, hapo hapo tu palipofikika, na machozi yakawa yananidondokea mikononi. Hodhan alipoingia na maji yake ya moto alinikuta hivyo. Akaweka mkono begani kwangu. "Usilie, abaayo," akaniambia yeye, dada yangu, akinifariji mimi. Nikajifuta machozi, nikampokea maji. Hooyo Kaltuma alifariki Alhamisi, baina ya adhuhuri na alasiri.

Baadaye nilimuuliza Daktari Bashir, kwa kuzungukazunguka, kama kuacha mswaki kunaweza kumuua mtu. Akasema kwa sukari ile na fizi zile angeweza kufa hata angepiga mswaki kutwa. Akanitazama, nadhani alijua, hakuniuliza. Nimelishika jibu hilo miaka ishirini na minane na halijanisaidia kulala vizuri hata siku moja. Kwa sababu ya bakteria wale nilipelekwa kusoma, nikapanda cheo, nikazungumza kwenye mikutano ya nchi za watu. Griftu wapo mpaka leo kwenye friza Nairobi na kwingineko, wazima kabisa. Wamejaribiwa kwa panya, kwa nyani, kwa njia hii na ile. Na chanjo ya fizi ya kumpa mtu mpaka leo hakuna. Mimi nimestaafu mapema, kabla yake. Vijana waliobaki wananiambia iko karibu, na mimi huwaitikia inshallah, neno lile lile nililomwambia Hooyo.

Ijumaa, matanga yalipopungua watu, Hodhan alinichukua kwa binti yake, mwalimu, mwenye nyumba nzuri ya vigae. Tulikula, tukanawa, binti akaondoa sinia. Nikasema, "Hodhan, nimekuja na deni la maneno." Nikamweleza. Sikuruka kitu: lori, kiganja kifuani, barua mbili, sasa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, anakunjakunja ncha ya mtandio. Nilipomaliza akauachia mtandio, akaniinulia macho.

"Wewe unajua mimi nilifikiria nini miaka hii yote?" akasema. "Nilifikiria ni mimi. Mimi nilimwambia chanjo inakuja, usitoe meno. Nilifikiria aliacha jipu ikae kwa sababu yangu. Watoto yangu walikuwa wadogo, nikiwaosha mdomo nalia, hawajui nalia nini. Miaka ishirini na nane, Zuhura. Na wewe ulikuwa na hii."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa. Tungeogopa pamoja." Akavua miwani akajifuta. "Mbona hukuniambia hiyo siku, niko mdogo, niko na nguvu ya kukuchukia? Ningekuchukia mwaka moja, mbili, halafu imeisha. Sasa mimi mzee. Siwezi."

Nikamwomba msamaha. Nilishuka kwenye kochi nikakaa chini mbele yake, magoti yangu haya mabovu, nikamshika miguu. Akaniinua.

"Mimi kwa upande yangu nimekusamehe," akasema. "Wallahi nimekusamehe, na Mungu ni shahidi. Lakini ile ya hooyo si yangu. Siwezi kutoa kitu ya mtu. Haki ya hooyo iko na hooyo. Hiyo utamuomba mwenyewe siku ile mtakutana."

Nikasema nimeelewa, na kweli nimeelewa, dini yetu ni moja. Alasiri ikaadhiniwa. Akatandika msala, akatandika wa pili kando yake, akaniita. Tulisimama bega kwa bega kama zamani, na tulipomaliza akanifungia halua ya safari kwenye mfuko, akamwita binti yake atuletee chai. Tangu nirudi nyumbani, kila nikisujudu najaribu kupanga maneno nitakayomwambia Hooyo Kaltuma. Nitaanza na salamu. Baada ya salamu sijui nitasema nini.